Platini Katika Kopo la Vifungo

Miaka arobaini ghalani,
chini ya magunia ya viazi na mlango uliong'oka bawaba,
Jawa mia mbili na hamsini, nyekundu zamani,
sasa rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni.
Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti.

Mimi si fundi.
Nilikuwa mkunga, Uherské Hradiště, miaka thelathini na mmoja,
na mikono yangu inajua jambo moja tu:
kisichotaka kutoka hakivutwi.

Pistoni iling'ang'ania silinda.
Oldřich wa nyumba ya pili akaja na nyundo.
Nikamwambia, hiyo rudi nayo kwenu.
Nikamimina mafuta ya taa na dizeli kwenye tundu la plagi,
kijiko asubuhi, kijiko jioni,
kama mgonjwa anayekataa uji.
Siku ya tisa nikaikanyaga kiki kwa uzito wangu wote
(si haba)
na ndani kitu kikasema: nk.
Nimewahi kuisikia sauti hiyo,
saa kumi alfajiri, wodi namba tatu.

Tangi nikalitia siki na konzi ya nati,
nikalitikisa magotini huku redio ikitangaza bei ya ngano.
Maji yakatoka kahawia. Kahawia. Kahawia.
Kabureta ilikuwa na lami ya kijani;
nikaichokonoa kwa uzi wa shaba, kitundu kwa kitundu,
miwani miwili juu ya pua moja.

Halafu cheche. Hakuna cheche.
Betri mpya, waya mpya, plagi mpya, hakuna.
Nikafungua kifuniko cha kulia.
Platini hazikuwamo.
Hazikuvunjika, hazikulika:
zilitolewa, na skrubu zikarudishwa mahali pake,
zikakazwa kwa mkono wa mtu asiyependa skrubu ipotee.

Baba.

Juni, themanini na nne, mezani, supu ya vitunguu saumu:
"Ile pikipiki imekufa. Chuma nacho hufa."
Radovan akaweka kijiko chini, taratibu.
Chini ya kitanda chake palikuwa na ramani ya kusini
na soksi pea sita. Mimi niliziona. Sikusema.
Wiki mbili baadaye akapanda basi la watalii
kwenda kuoga bahari ya Yugoslavia,
na basi likarudi na kiti kitupu
na taulo.

Mchelea mwana kulia hulia yeye,
lakini baba hakulia. Alifuga nyuki.
Wakati wa baridi alikwenda ghalani bila sababu,
akarudi na majani makavu kwenye kofia.

Nilizipata kwenye kopo la vifungo,
zimefungwa kwenye karatasi ya nta ya mizinga.
Kopo la mama.
Lile alilolichokora kila Jumapili akitafuta kifungo cha kufanana.
Kwa hiyo naye alijua.
Kila shati alilonishonea,
vidole vyake vilipita pale, vikanyamaza.

Nilikaa jikoni mpaka birika likakauka.
Nilitaka kumkasirikia mtu,
lakini wote wako makaburini, mstari mmoja, wamepaliliwa vizuri.
Basi nikasugua platini kwa msasa laini,
nikapima mwanya kwa wembe wa kunyolea wa baba.

Iliwaka Alhamisi, kiki ya kumi na saba.
Moshi wa buluu ukawafukuza kuku hadi kwa Oldřich.

Nikapiga simu Linz.
Nikasema, weka sikio linalosikia,
nikaisogeza simu karibu na ekzosi.
Sikumwambia habari ya kopo. Bado.
Kimya kirefu; nikadhani laini imekatika.
Kisha, kwa Kicheki chake chenye kutu:
"Gia ya pili huchomoka mlimani.
Ishikilie kwa kidole cha mguu."